Pumzi ya Baba Kifuani mwa Kaka

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwetu.
Jumapili mchana, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chekeche,

Nakusalimu salamu nyingi mpaka karatasi iombe poo. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na huyo binti yenu ambaye shangazi yake hajamshika hata kidole, meno yameshatoka? Kazi inaendaje? Sisi huku ni wazima, uzima wa kuambiwa pole, lakini wazima.

Najua umekunja uso kuona bahasha yenye mwandiko wangu. Siku hizi nani anaandika barua? Utasema dada amezeeka. Simu ninayo na inafanya kazi, lakini sikuitaka kwa jambo hili. Wewe kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha, maana jambo zito hulipokei mpaka ulivishe kofia ulicheke kwanza. Tena kuta za nyumba hii unazijua, ukinong'ona jikoni unajibiwa uani. Karatasi haikatizwi, wala haisikiki.

Basi nianze na ninachokitaka, usije ukachoka njiani. Nataka uende hospitali ukapimwe pumzi. Si kusikilizwa kifua tu na kuandikiwa dawa ya kikohozi, hapana. Upulize kwenye mashine mpaka wakuambie mapafu yako yana nguvu kiasi gani, na siku hiyohiyo upimwe mishipa ya damu. Hilo tu. Mengine yote nitakayoandika ni kukueleza kwa nini silali vizuri mpaka ulifanye.

Mama hajambo. Macho ndiyo yamezidi ukungu, na bado anakataa kufanyiwa upasuaji, anasema ameshaona vya kutosha. Watu anawajua kwa sauti na vishindo. Mimi ananijua kwa mkasi unaogongana mfukoni mwangu, na watoto kwa namna wanavyobamiza mlango. Hakosei. Ndiyo maana alipoanza kukosea, sikujua niite kukosea au niite nini.

Kaka, kama unavyojua, alibaki na mashine ya kusaga baada ya Baba kufariki. Asubuhi anaingia mweusi, mchana anatoka mweupe, nywele, nyusi, mpaka kope. Ulipokuja kwenye msiba ulimtania ukamwita Babu, akakurushia konzi ya pumba, tukacheka matangani na watu wakatushangaa. Sasa ule mzaha wako umetuota mizizi nyumbani.

Ilianza mchana mmoja wa kawaida kabisa. Mama amekaa kwenye mkeka, mimi napinda pazia la mteja. Kaka akaingia kula, hakunawa, akajitupa kwenye kiti cha Baba kilicho karibu na mlango. Akawa anatweta. Sikuinua hata kichwa. Lakini pumzi ile niliisikia. Unaikumbuka pumzi ya Baba? Kwanza mluzi mwembamba ndani kabisa, halafu kimya kidogo kana kwamba amesahau kuendelea, halafu "hm" moja kabla ya kukohoa. Ndiyo hiyohiyo. Haikupungua wala kuzidi.

Mama akasema bila kugeuka, "Mzee, leo umewahi."

Kaka akajibu, "Mkanda wa mashine umekatika."

Wakanyamaza wote wawili, kama watu waliooana zamani. Kaka akala, akaondoka. Mimi nilibaki na uzi mdomoni. Unajua kilichonitisha? Si Mama kukosea. Mama haoni. Ni Kaka kujibu upesi vile, kwa uvivu uleule wa Baba, bila kusema "Mama, ni mimi." Nilipomuuliza baadaye akaniambia hakumbuki kuitwa Mzee. Aliulizwa, akajibu.

Nikwambie ukweli, tukazoea. Ni aibu kuandika, lakini tulizoea. Tangu Baba afariki Mama alikuwa anakula kwa kubembelezwa, amekaa tu kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Sasa akaanza kuomba nguo nzuri. Akaanza kujipaka mafuta mchana. Mluzi ukisikika uani anajiweka sawa, anauliza kama chakula kimepakuliwa. Akaanza hata kulalamika, na unajua Mama akilalamika ndipo yuko mzima. "Mzee, viatu vyako vinanuka." Kaka anavitoa nje. Watoto wakaona ni mchezo, wakawa wanamwita Kaka "Babu wa mchana."

Asiyecheka alikuwa shemeji yako, mke wa Kaka. Siku moja alikuja chumbani kwangu na kanga ya kushonewa, akakaa, kanga hakuitoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi nalala na nani?" Nikadhani ananiletea habari za wanawake wa nje, nikaanza kumtetea kaka yangu. Akatikisa kichwa. Akasema taa ikizimwa hamsikii mume wake tena, anamsikia baba mkwe. Pumzi ya mkwe, kikohozi cha mkwe, kwenye mto wake. Anaona haya hata kujigeuza. Nilimwambia ni uchovu.

Halafu likaja la tundu.

Mama aliuliza, mchana mmoja wakati wa chakula, "Mzee, unga bado unatoka nje?" Kaka alikuwa amesinzia kitini, kidevu kifuani. Akasema, "Nimeliziba tundu. Hata chembe haitoki tena." Nikauliza, tundu gani? Akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni, akaniuliza mimi, "Tundu gani?"

Kesho yake asubuhi nikaingia kwenye chumba cha mashine, mimi nisiyekuwa na kawaida ya kuingia kule, maana unajua nililelewa kwa shangazi na niliporudi nilikuja na cherehani yangu. Mota ilikuwa bado haijawashwa. Nikasogeza magunia ya ukuta wa nyuma mpaka kiuno kikaniuma. Kweli, juu karibu na paa, plasta ina rangi nyingine, duara upana wa sufuria. Na bomba linalotoka kwenye mashine, lile lenye mfuko wa kitambaa kichwani, limekunjwa mbele ya lile duara likageuziwa chumbani. Mfuko wenyewe niliushona mimi, kila mwaka naushona, na sikuwahi kujiuliza kwa nini unapumulia ndani.

Nikamwendea Mama, nikamuuliza wakati ametulia na akili yake yote. Akasema ndiyo, mashine ilipofungwa bomba lilikuwa linatema vumbi nje. Baba akawa anaona paa la jirani limekuwa jeupe, miti imekuwa mieupe, roho inamuuma. Unga wa watu unapotea! Akaliziba tundu kwa matofali, akageuza bomba, akatandika mashuka sakafuni. Jioni vumbi likitulia wanakung'uta mashuka, wanarudisha kwenye gunia la mwenyewe. Ndiyo maana wateja walitupenda. "Kwa Mzee haupotei unga." Ile sifa tuliyokua nayo, Chekeche, ilipita kwanza vifuani mwao kabla ya kuingia kwenye magunia ya watu.

Kaka wakati huo alikuwa mtoto mdogo, Mama anasema alikuwa akimpa Baba udongo kwa viganja. Labda alikumbuka. Mtoto hukumbuka udongo. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini mbona hakusema "Baba aliliziba"? Alisema "nimeliziba."

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ulizaliwa tundu likiwa limeshazibwa, na kazi yako ya kwanza duniani ilikuwa kufagia chini ya lile bomba. Nakumbuka nilivyokuja likizo nikakukuta unafagia huku unaimba kwa sauti kuu ili uishinde mota, mdomo wazi. Tulikuona kichekesho.

Basi, mwezi wa kumi Kaka alibeba gunia, gunia la kawaida tu, akafika mlangoni akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, akaliweka gunia pembeni kwa adabu. Uso ulikuwa na rangi ya jivu chini ya unga. Shemeji yako na mimi tukambeba mzobemzobe mpaka hospitali, yeye njia nzima anatuambia ni moyo, mwacheni, hata Baba ulikuwa moyo. Alikuwa anasema kwa fahari, kama mtu anayetaja ukoo.

Daktari ni binti, mdogo kuliko wewe. Akaanza kumsikiliza mgongoni. Kaka hakuacha mambo yake, akamwambia, "Daktari, mgonjwa yuko mbele, wewe unagonga mlango wa nyuma." Binti hakucheka. Akamwambia avute pumzi, atoe. Avute, atoe. Kisha akaniuliza mimi, "Amekuwa hivi tangu lini?" Nikafungua mdomo, jibu lililokuwa linakuja ni tangu enzi za Baba. Nikalimeza.

Wakampeleka kwenye mashine ya pumzi. Unabanwa pua, unauma kibomba kwa meno, unavuta mpaka mwisho kisha unapuliza kwa nguvu zako zote, na mpimaji anakupigia kelele kama uko mpirani, "Puliza, puliza, puliza, usiache!" Kaka akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Alirudia mara tatu. Ule mluzi ukawa unatoka na yeye, chumba kizima kinausikia. Baadaye wakamlaza chumba kingine, mpimaji mwingine, wakamfunga mikanda mikononi na miguuni kama wanaompima presha ya kila kiungo. Wanapima pigo la moyo linasafiri kwa kasi gani kutoka moyoni kwenda miguuni. Mishipa laini inatanuka, pigo linapita taratibu. Mishipa ikikakamaa, pigo la moyo linakimbia humo kama maji kwenye bomba la chuma.

Tukaitwa ndani. Binti akasema mapafu ya Kaka, kwa kulinganisha na ya watu wengine, ni ya mtu wa miaka sitini na minane. Akageuza karatasi ya pili. Mishipa yake nayo ni ya mtu wa miaka sitini na minane.

Kaka ana arobaini na minne. Nadhani umeshajua aliyekufa na sitini na minane.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamweleza kwa nini namwomba arudie, na kwa mara ya kwanza nikamwona amesita. Akasema hizo ni hesabu za kukadiria tu, mashine haijui mtu alizaliwa lini, na namba mbili kufanana ni bahati. Namwamini. Amesoma, mimi nimeshona. Lakini Chekeche, afadhali zingepishana hata mwaka mmoja. Kaka yeye alicheka, akajifuta macho, akasema, "Basi nimeshamfikia Mzee." Kicheko kikaishia kwenye "hm."

Nikamuuliza daktari, mapafu na mishipa vinahusianaje? Mimi nilidhani kila kimoja kina nyumba yake. Akasema utafiti umeonyesha mara nyingi watu wenye pumzi dhaifu ndio haohao wenye mishipa migumu, na ndio wanaopatwa zaidi na ugonjwa wa moyo na kiharusi, hata wasiovuta sigara. Kwa nini, bado hawajamaliza kujua. Wanadhani kifua kinachochomwa na vumbi miaka mingi kinavimba ndani, na ule uvimbe haukai kifuani, unaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Hewa nayo ikipungua, mishipa inataabika. Akasema si lazima iwe hivyo kwa kila mtu, lakini mtu akija na pumzi fupi, yeye hupenda kuangalia na mishipa.

Kaka akamwambia, "Hapo nimekuelewa. Chujio likiziba, mota inapata moto, mkanda unakatika. Sisi tumenunua mikanda miaka yote, chujio hatukulitazama." Binti akasema mfano wake ni mzuri, tatizo ni kwamba mkanda wa Kaka hauuzwi dukani.

Nilitoka pale nikimfikiria Baba. Miaka yote ile ya vidonge vya presha, na kila mtu akimwekea mkono upande wa moyo. Hakuna aliyemwambia apulize. Tulimsikia kila siku, tulimjua kwa mluzi wake tangu akiwa mbali, tukauita sauti yake.

Kaka akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, asubuhi na jioni, na vidonge vya presha. Akaambiwa atoke kwenye vumbi, atembee kila siku. Akaambiwa wazi kwamba kilichopotea hakirudi chote, lakini kinachobaki kinaweza kulindwa. Na asipokilinda, daktari alisema, hatamwahidi miaka mingi. Alisema mbele ya mke wake.

Wiki mbili tu za ile dawa, mluzi ukaanza kufifia. Wiki ya tatu ukanyamaza. Kaka akaingia uani na hakuna aliyejua ameingia. Shemeji yako akaanza kuimba jikoni. Mimi nikashukuru Mungu, nikajua yamekwisha.

Mama akauliza, "Mzee hajarudi?"

Kaka yuko pale pale, kwenye kiti, sahani mapajani. Akasema, "Mama, nimerudi." Mama akamwambia kwa upole, "Najua umerudi, mwanangu. Namuuliza baba yako." Akageuza uso kuelekea mlangoni akaanza kungoja. Aling'ang'ania chakula kisipakuliwe. Siku iliyofuata hivyohivyo. Akavua ile nguo nzuri, akaikunja, akaniambia niirudishe sandukuni. Akawa analia bila sauti, mchana kweupe, na hataki kuulizwa. Mdogo wangu, nilimwona mama yetu akifiwa na mume yuleyule kwa mara ya pili, na safari hii bila wa kuja kumpa pole, maana ungewaambia watu nini?

Halafu ghafla akachangamka. Narudi kutoka sokoni namkuta amevaa, anacheka. Kwenye kiti, "hm."

Nikamsubiri Kaka nje. Nilikuwa na hasira. Nikamuuliza dawa iko wapi. Akasema anatumia. Nikamwambia haitumii, masikio ninayo. Akakaa kwenye ngazi, akaniambia, "Nikivuta ile dawa, Mama anafiwa."

Akaniambia pia, na hili sijamwambia mtu mwingine, kwamba si Mama peke yake. Akikaa kwenye kile kiti na kifua kimebana, anasikia kama kuna mtu anayepumua naye, pamoja, kwa zamu. Hajisikii mpweke. Akivuta dawa, anabaki mwenyewe. Alisema akiwa ametulia kabisa.

Mtu ananiambia anajiua taratibu ili mama yake asilie, nimwambie nini? Aliyekuwa na jibu ni shemeji yako. Sikujua amesimama mlangoni. Alisema neno moja tu na hakupandisha sauti, "Na mimi nikiwa mjane, baba watoto, ni nani atakayenikoholea?"

Kaka aliinuka pale kwenye ngazi. Kisha akaingia ndani, na tukaisikia dawa ikivutwa.

Siku iliyofuata mimi na shemeji yako tulichukua nyundo, tukapanda juu ya magunia, tukalifungua tundu. Tulifanana na majini. Fundi akaja kunyoosha bomba, tukawasha mashine, vumbi likatoka nje kwa mkupuo mmoja mrefu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu wewe hujazaliwa. Fundi mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Jirani akaja kulalamika kuhusu paa lake, tukamwahidi kulifunga bomba mfuko mzito zaidi wa kunasa vumbi, na ahadi hiyo tumeitimiza. Kaka haingii tena kwenye mashine. Amemwajiri mtu, anamlazimisha kufunika pua na mdomo, na yeye anauza nafaka chumba cha mbele, mweusi asubuhi hadi jioni. Jioni anatembea na mke wake. Watu wanasema wanachumbiana upya.

Mama tulimweleza, Kaka akimshika mikono. Tulimwambia Baba amefariki, na aliyekuwa anamsikia ni mwanawe mgonjwa. Alisikiliza yote. Akasema ameelewa. Akavua tena ile nguo. Tangu hapo hakulia, ila aliacha kula, akawa wa uji wa vijiko vitatu, na mimi nikajua tunampoteza kwa upande huo. Miezi miwili ilikuwa hivyo, ndiyo maana nilikuwa mfupi kwenye simu. Sikutaka uumie ukiwa mbali.

Sasa nisikilize.

Alhamisi ulipopiga, nilikuwa nimekaa mkekani na Mama, nikaweka sauti kubwa ili naye akusikie. Ulikuwa unatusimulia lifti ya kazini kwenu ilivyoharibika na bosi wako alivyopanda ngazi akivua koti, akivua tai, mpaka tukahofia atafika juu hana suruali. Ulikuwa unacheka. Katikati ya kicheko ukakatika. Ukasema umepanda na wewe, ndiyo kwanza umefika, ni kitambi tu. Halafu kabla hujaendelea ukanyamaza ili upumue.

Mluzi mwembamba. Kimya kidogo. "Hm."

Mama aliweka kikombe chini. Aliinua kichwa taratibu na uso wake ukafunguka, sijauona uso ule tangu tuwe watoto. Hakukuita jina. Akanigusa goti, akasema kwa furaha ya mtu aliyepata kilichopotea, "Kumbe Mzee yuko huko."

Nilikata simu. Haikuwa mtandao, kama nilivyokudanganya. Niliikata kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo anakula. Anakula vizuri, anaomba kuongezwa. Ameivaa nguo yake. Kila siku ananiuliza kama utapiga, na ananiambia nisikuharakishe kurudi, nimwache Mzee akae na kijana wake, alikuwa na wewe kidogo mno.

Kwa hiyo nenda, Chekeche. Usiniambie kitambi. Una miaka thelathini na mitano. Nenda wakuambie yule aliye kifuani mwako ana mingapi. Wakikupa dawa, ivute. Siku pumzi yako itakapokuwa safi kwenye simu, Mama atafiwa mara ya tatu, na nisikufiche, sijui kama ataweza. Hilo niachie mimi. Mfukuze wewe huko, nitamzika mimi huku.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie asikuonee haya kukupeleka kwa nguvu. Mbusu binti yetu kwa niaba ya shangazi yake. Kaka anakusalimu, anasema uache unene wa kusingizia. Shemeji yako anakusalimu kwa kuimba, yuko jikoni. Watoto wanaulizia zawadi. Mama anakusalimu wewe na mgeni wako.

Mungu akupe pumzi ndefu, na iwe ya kwako mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Dada yako.